Kadari ya Mgonjwa

Kila fundisho kuhusu kadari limebeba ndani yake fundisho kuhusu mtu. Anayesema jambo limeandikwa anasema pia kwamba yupo aliyeandikiwa, na hapo ndipo dini na falsafa za dunia zinapoachana njia. Huyo aliyeandikiwa ni nani? Ni roho isiyokufa, ni mkondo wa matendo usio na mwenyewe, au ni tawi tu la ukoo wenye walio hai na waliotangulia? Jibu la swali hili huamua jibu la swali la kadari.

Mahali pa kulipima ni kitandani pa mgonjwa. Msibani watu husema siku za marehemu zilikuwa zimefika, nayo ni kauli ya faraja isiyo na ubaya. Kauli hiyo hiyo ikisemwa wiki chache kabla, mgonjwa bado anapumua na zahanati iko ng'ambo ya barabara, inakuwa kitu kingine kabisa. Wanafikra wakubwa wa karibu kila mapokeo waliiona tofauti hiyo, na wengi wao waliihangaikia.

Wagiriki wa kale waliamini kwamba kila mtu ana fungu lake, Moira, ambalo hata miungu huliogopa. Tamthiliya ya Sophocles ambayo Samuel Mushi aliwapa wasomaji wa Kiswahili kwa jina la *Mfalme Edipode* inamhusu mtu aliyetabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, akakimbia, na kila hatua ya kukimbia ikamsogeza karibu na alichokikimbia. Husomwa mara nyingi kama ushahidi kwamba juhudi ni bure. Usomaji huo unamwonea Sophocles. Hasira iliyoua watu njia panda ilikuwa ya Edipode mwenyewe, uchunguzi uliofichua siri aliuanzisha na kuushikilia yeye hata alipoombwa auache, na macho aliyatoboa kwa mkono wake. Ola Rotimi wa Nigeria alipoihamishia hadithi hiyo kwa Wayoruba mwaka 1968, aliipa tamthiliya yake jina linalokataza kuilaumu miungu.

Waliolifanyia kazi suala hili kwa ukali zaidi ni Wastoiko wa Athens. Wao waliamini kwamba kila tukio limefungwa na sababu zilizolitangulia, bila mwanya hata mmoja. Wapinzani wao wakawaletea hoja iliyopewa jina la hoja ya mvivu: kama mgonjwa amepangiwa kupona, atapona amwite tabibu au asimwite, kama amepangiwa kufa, atakufa vilevile, basi tabibu wa nini? Chrysippus, aliyeiongoza shule hiyo katika karne ya 3 KK, alijibu kwamba mambo hayapangwi moja moja. Laio hakuweza kupangiwa kumzaa Edipode alale na mke asilale. Kulala na mke kulikuwa sehemu ya mpango huo huo. Vivyo hivyo, aliyepangiwa kupona huenda amepangiwa kupona kwa mkono wa tabibu, na anayekataa kumwita hana haki ya kudai kwamba anaifuata kadari. Anaufuata uvivu wake.

Kuhusu nafsi, Chrysippus alitoa mfano wa silinda na wa pia ya kuchezea watoto. Vyote viwili vikisukumwa, silinda inabingirika na pia inazunguka, kwa sababu ya umbo la kila kimoja. Msukumo unatoka nje, namna ya kwenda inatoka ndani. Kwa Mstoiko, mtu ni ile nguvu ya ndani ya kuliridhia au kulikataa linalomjia, na Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa, aliijenga falsafa yake yote juu ya uwezo huo mmoja ambao bwana wake hakuweza kumnyang'anya. Jibu hili liliwanyamazisha wavivu. Halikuwanyamazisha wanaouliza kama umbo la silinda nalo halikupangwa, na swali hilo halijapata jibu la kuridhisha mpaka leo.

Kaskazini mwa India, yapata karne ya 5 KK, kadari ilipata mtetezi mkali kuliko wote. Makkhali Gosala, kiongozi wa Waajivika, alifundisha kwamba hakuna tendo linalobadilisha chochote: kila kiumbe kitapita maisha yake yote, moja baada ya jingine, kama donge la uzi lililorushwa linavyofunguka mpaka uzi uishe, mpumbavu na mwenye hekima sawasawa. Kundi lake halikuwa dogo. Mfalme Ashoka aliwapa mapango yaliyochongwa katika vilima vya Barabar, na kusini mwa India walidumu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Cha kushangaza, Waajivika walisifika kwa kufunga na kujinyima kukali. Hata waliofundisha kwamba juhudi haifai kitu walijitahidi kuliko wengi.

Mkondo mkuu wa Kihindu ulikataa ukali wa Gosala na kushika karma: linalompata mtu leo ni tunda la matendo yake, ya maisha haya au ya yaliyotangulia. Ili hesabu hiyo iende, lazima awepo anayebeba deni kutoka mwili hadi mwili. Maandiko ya Upanishadi yanamwita atman. Wafasiri wa maandiko hayo hawakukubaliana hata kidogo: Shankara alifundisha kwamba nafsi ya ndani kabisa ni ile ile Brahman, uhalisi wa mwisho, na utengano wa mtu na Mungu ni kiinimacho; Madhva, katika karne ya 13, alishikilia kwamba Mungu na nafsi ni mbalimbali milele. Karma haikuwa kadari ya kukata tamaa, kwa kuwa anayevuna ndiye aliyepanda na leo anaweza kupanda kingine. Lakini ilitumika vibaya, na vibaya sana. Aliyezaliwa katika tabaka la wasioguswa aliambiwa kwamba uchafu wake ni malipo ya dhambi za maisha asiyoyakumbuka. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza uandishi wa rasimu ya katiba ya India na ambaye mwenyewe alizaliwa katika tabaka hilo, aliikataa hesabu hiyo hadharani: tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Budha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.

Alikokwenda Ambedkar ndiko nafsi inakopata pigo kubwa kuliko kokote. Budha alifundisha kwamba mtu akichunguzwa kwa makini, hupatikana mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu, vyote vikibadilika kila mara. Mmiliki anayevimiliki hapatikani. Mtawa Nagasena alimweleza hivyo mfalme Milinda, mtawala mwenye asili ya Kigiriki, kwa kumtaka aonyeshe gari lake la farasi ni lipi: magurudumu, ekseli au nira? Kama hakuna nafsi, nani basi anavuna karma? Jibu la Wabudha ni kwamba huhitaji abiria ili safari iendelee. Tendo huzaa tendo, na Budha aliitafsiri karma kuwa ni nia hasa, kitu kinachoweza kugeuzwa sasa hivi. Gosala kwake alikuwa mwalimu wa kuangamiza watu.

Na kuhusu mgonjwa, maandiko ya Kibudha yana mambo mawili yanayostahili kujulikana zaidi. Alipoulizwa kama kila maumivu hutokana na matendo ya zamani, Budha alikana: mengine hutokana na nyongo, makohozi, mabadiliko ya hali ya hewa, kutojitunza au kupigwa. La pili ni tukio. Akiwa na Ananda, mtumishi wake, alimkuta mtawa mwenye ugonjwa wa kuhara amelala katika kinyesi chake, na wenzake wamemwacha kwa kuwa hakuwa na faida kwao. Budha hakutoa hotuba juu ya karma ya yule mtawa. Aliagiza maji, akayamwaga huku Ananda akimsugua, wakambeba mmoja kichwani na mwingine miguuni, wakamlaza kitandani. Kisha akawaambia watawa kwamba anayetaka kumhudumia yeye amhudumie mgonjwa.

China ilikuwa na wasiwasi wa aina nyingine, wasiwasi wa serikali. Mozi, katika karne ya 5 KK, aliandika sura nzima za kuwapinga wanaoamini kwamba utajiri na umaskini vimepangwa: maofisa wakiamini hivyo wataacha kazi, wakulima wataacha shamba, na nchi itakufa njaa ikisingizia mbingu. Mencius, mfuasi wa Confucius, aliamini kwamba kila jambo lina agizo la mbingu, lakini akaongeza sharti: anayelielewa agizo hilo hasimami chini ya ukuta unaotaka kuanguka. Maneno machache, na pengine hakuna aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi.

Wayahudi walikataa kuchagua upande mmoja. Rabi Akiba, katika karne ya 2, alishikilia kwa pamoja kwamba Mungu anayaona yote tangu mwanzo na kwamba mtu amepewa ruhusa ya kutenda. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho kimo katika Biblia ya Wakatoliki, kinaagiza tabibu aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Musa bin Maimun, mwanafalsafa mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, alikuwa mwenyewe tabibu wa kasri mjini Kairo, na aliipinga vikali imani kwamba nyota huamua maisha ya mtu. Aliona inabomoa msingi wote wa amri za Mungu, maana hakuna maana ya kumwamuru asiyeweza kuchagua.

Ukristo ulilichukua suala hili kutoka upande wa dhambi. Augustino, askofu wa Hipo katika nchi inayoitwa leo Algeria, alijichunguza na kuona nafsi iliyogawanyika, inayotaka jema na kushindwa kulitenda. Kutokana na hilo alihitimisha kwamba wokovu huanzia kwa Mungu tu. Pelagius alimpinga, akidai kwamba Mungu haamrishi lisilowezekana, na mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukamhukumu Pelagius. Ugomvi haukuisha. Mwaka 1525 Martin Luther aliandika kwamba hiari ya mwanadamu imefungwa, akimjibu Erasmus. Jean Calvin, mjini Geneva, alifundisha kwamba Mungu ameteua tangu milele watakaookoka na watakaopotea. Sinodi ya Dort ya 1618 na 1619 ikalithibitisha fundisho la uteuzi dhidi ya wafuasi wa Arminius waliolipinga. Ni fundisho gumu, na Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wameishi kinyume chake: uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya ulimtaka kila mtu aungame hadharani na kuamua mwenyewe kuokoka.

Hata hivyo, kabla ya kuwaita Luther na Calvin maadui wa juhudi, inafaa kutazama walichosema kuhusu kuyatunza maisha. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Luther, yule yule wa hiari iliyofungwa, aliandika barua ndefu kuhusu kukimbia ugonjwa. Yeye alibaki kuwahudumia wagonjwa, lakini aliwakemea wanaodharau dawa kwa kisingizio cha imani, akisema wanamjaribu Mungu, na akashauri watu wafukize nyumba zao na waepuke mahali wasipohitajika. Calvin naye aliandika kwamba aliyewekea maisha yetu mpaka ndiye aliyetukabidhi kuyatunza na kutupa njia za kuyatunza. Chrysippus angeitambua hoja hiyo.

Katika Uislamu kadari ni nguzo ya imani. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba kiumbe akiwa tumboni hutumiwa malaika anayeandika mambo manne: riziki yake, ajali yake, matendo yake, na kama atakuwa mtu wa mashaka au mtu wa heri. Mapema sana, imani hii iliingia siasani. Watawala wa Bani Umayya walinufaika na wazo kwamba dhuluma zao zimekadiriwa na Mungu. Ma'bad al-Juhani wa Basra, mmoja wa watu wa kwanza kutetea hiari ya mja, aliuawa mwishoni mwa karne ya 7. Wanatheolojia wa kundi la Mu'tazila waliendeleza hoja kwamba Mungu mwadilifu hawezi kumwadhibu mja kwa tendo alilomlazimisha. Al-Ash'ari, aliyekuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha, alitafuta njia ya kati mwanzoni mwa karne ya 10: Mungu huumba tendo, mja hulichuma. Fundisho hilo ndilo walilolirithi Mashafii wa pwani ya Afrika Mashariki, na Ibadhi wa Oman na Zanzibar wana msimamo ulio jirani nalo. Washia Ithnaasheri hushika kauli ya Imamu Jaafar Sadiq kwamba ukweli hauko kwenye kulazimishwa wala kwenye kuachiwa, bali ni jambo lililo kati ya hayo mawili.

Nafsi katika Kurani haikutajwa kwa hali moja. Ipo inayoamrisha maovu, ipo inayojilaumu, ipo iliyotulia. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, na masufi wengi walizifanya hizo hatua za safari. Maana yake ni kubwa kwa suala la kadari: anayeandikiwa bado anatengenezwa, na kazi ya kumtengeneza ni yake.

Lakini somo lenye nguvu kuliko vitabu vyote vya elimu ya kalam, yaani theolojia ya Kiislamu, lilitolewa njiani, mahali panapoitwa Sargh, wakati wa tauni ya Amwas iliyoikumba Sham katika miaka ya 638 na 639. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa anaelekea Sham alipopata habari za tauni. Alishauriana na Muhajirina, waliohama kutoka Maka, wakatofautiana. Akashauriana na Ansari, wenyeji wa Madina, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakasema kwa sauti moja arudi. Abu Ubaida bin al-Jarrah, kamanda wake, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alikiri kwamba anaikimbia, na kwamba anaikimbilia kadari ya Mungu. Akamuuliza: ukiwa na ngamia kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, je, si utalisha kwa kadari ya Mungu popote utakapolisha? Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume inayokataza kuingia kwenye nchi yenye tauni na kutoka katika nchi hiyo kwa kuikimbia. Umar akarudi Madina. Abu Ubaida alibaki na watu wake Sham, akafa kwa tauni hiyo. Kila mmoja alitenda kwa imani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa bure.

Afrika Magharibi ina hazina ambayo wasomaji wa Kiswahili hawajaizoea. Wayoruba husimulia kwamba kabla ya kuzaliwa, mtu huchagua ori, kichwa cha ndani kinachobeba majaaliwa yake, kwenye ghala la Ajala, mfinyanzi wa vichwa. Ajala ni fundi asiyetegemeka na mwenye madeni. Vichwa vyake vingine havikuiva tanuruni, na kwa macho havitofautiani na vizuri. Marafiki watatu waliondoka kwenda kuchagua. Wawili walikwenda moja kwa moja, wakajichukulia vichwa vikubwa vya kupendeza, na mvua iliyowanyeshea njiani kuja duniani ikavimomonyoa. Maisha yao yote yakaishia katika kutafuta bila kupata. Wa tatu, Afuwape, alipita kwanza kwa baba yake Orunmila, mungu wa uaguzi, kuaga, akapewa ushauri, pesa na chumvi. Chumvi ilimpatia urafiki wa mlinzi wa mlango, pesa zikalipa deni la Ajala, na Ajala akamchagulia kichwa kizuri kwa mkono wake. Uchaguzi umefanyika, lakini matokeo yametokana na adabu, ukarimu na kusikiliza wazee. Zaidi ya hayo, mapokeo ya uaguzi ya Ifa yanasisitiza kwamba ori bila ese, yaani mguu, haifiki popote. Waigbo nao wana chi, mwenzi wa kiroho wa kila mtu; Chinua Achebe, ambaye riwaya yake ya 1958 ilifasiriwa kwa Kiswahili kuwa *Shujaa Okonkwo*, alilijenga anguko la shujaa wake juu ya swali la kama mtu anaweza kupanda juu kuliko chi yake.

Kwa jamii nyingi za Kibantu, fungu la mtu binafsi halikuwa suala kuu. Placide Tempels, mmisionari aliyeishi na Waluba wa Kongo, aliandika mwaka 1945 kwamba kwao kuwepo ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo huongezwa au kupunguzwa na wengine. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969, alimweleza mtu kama asiyeweza kutengwa na jamaa zake, na akatumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kuonyesha kwamba marehemu huendelea kuwa mtu maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Dai lake kwamba Waafrika hawakuwa na wazo la wakati ujao wa mbali limepingwa, na kwa haki. Lakini kuhusu nafsi alikuwa sahihi, na jambo hilo hubadilisha namna ya kuuliza kuhusu balaa. Wazande, ambao si Wabantu lakini wanaishi Kongo na Sudan Kusini, walimweleza mwanaanthropolojia Evans-Pritchard katika miaka ya 1920 kuhusu ghala linaloanguka na kuua watu waliokaa kivulini. Walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini ghala lianguke saa hiyo, juu ya watu hao, na jibu lilikuwa mtu: kuna aliyeroga. Hapa balaa haliitwi kadari, linaitwa uadui. Anayeteseka hupata kitu cha kufanya, lakini huenda akakifanya dhidi ya jirani asiye na hatia, na vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania ni ushahidi wa gharama hiyo.

Karne ya 20 ilileta wanaofuta maandishi yote. Jean-Paul Sartre, katika mhadhara wake wa Paris wa Oktoba 1945, alidai kwamba mtu kwanza yupo, kisha anajifanya awe alivyo. Hakuna asili wala Mungu wa kulaumiwa. Falsafa hiyo ya udhanaishi ilipata sauti ya Kiswahili kwa Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Katika *Kichwamaji*, riwaya ya mwaka 1974, Kazimoto, msomi aliyekatika na imani ya wazee bila kupata nyingine, anaona maisha hayana maana na kuishia kujiua. Kezilahabi hakuandika tangazo la uhuru. Aliandika juu ya nafsi iliyoachiwa kazi yote bila ukoo, bila agizo, bila mwenzi, na akaonyesha kwamba mzigo huo unaweza kumponda mtu.

Kwa hiyo, anayemwambia mgonjwa aache vidonge kwa kuwa siku zake zimeandikwa, iwe msikitini, kwenye mkutano wa maombezi au kwa mganga, aulizwe amejifunza wapi. Hakujifunza kwa Umar, Luther, Budha, Mencius wala Orunmila. Na familia inayosikia maneno hayo isimwache mgonjwa alale mpaka kesho ikisubiri kuona kilichoandikwa. Impeleke hospitali usiku huo huo.